Darasa Lililoingia kwa Jina la Msusi

Haya nitakayoyasimulia hamtayaamini, na wala siwalaumu. Mimi mwenyewe ningesimuliwa na mtu mwingine ningemwambia akanawe uso kwanza, kisha aje aanze upya. Lakini yamepita mbele ya macho haya mawili, moja zima kabisa na jingine linaona vizuri zaidi asubuhi. Ni habari ya mwanamke aliyewatambua watu ndani ya kompyuta isiyokuwa na sura ya mtu hata mmoja, akawataja mmoja mmoja kama mtu anayeita kuku wake jioni, na kila aliyetajwa akaitika.

Mwanamke huyo ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Namwita Hadubini. Jina hilo nilimpa mimi, siku nilipomkuta, bado mdogo, kwenye meza ya kulia chakula, amempasua panzi kwa wembe, miguu ameiweka huku, mbawa kule, anatafuta moyo. Mama yake akapiga kelele. Mimi nikasema, "Mwache, huyu atakuwa daktari." Hakuwa daktari. Amekuwa mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari, lakini jicho ni lile lile. Akikutazama unahisi ameshaona ulichokula mchana na uongo uliousema asubuhi.

Mimi ni mchora vibao. Ukiona duka lolote mjini lenye kibao kinachosomeka, usiulize nani kachora. Shule nilisoma mpaka pale shule yenyewe iliponichoka. Kwa Hadubini nilikuja kumsalimu tu, nikalizoea kochi lake, kochi nalo likanizoea, na siku hizi akitaka kukaa hapo ananiomba radhi.

Sasa sikilizeni jambo lenyewe. Mchana Hadubini anafundisha watoto wenye sare. Jioni alikuwa na darasa jingine, la watu wazima ambao maisha yaliwang'oa shuleni kabla ya mtihani wa mwisho, wakajikung'uta vumbi, wakarudi. Alikuwamo Msusi, mwenye saluni karibu na kituo cha mafuta. Alikuwamo Fundi Friji, ambaye hata akila anakula kama anafungua skrubu. Alikuwamo Mama Pacha, anayetaka kuwa muuguzi, na Mlinzi, mtu wa maneno machache aliyekuja darasani na sare yake ya kazi. Na wengine.

Darasa hilo alilianzisha mwenyewe na kuliombea chumba, na sababu tunaijua yeye na mimi. Dada yangu aliacha shule akiwa na mimba ya huyu huyu Hadubini. Baadaye alitaka kurudi. Alizunguka mlango hadi mlango, mtoto mgongoni, na kila mahali aliambiwa kwamba nafasi ya mtu kama yeye haipo. Mpaka anaondoka duniani alikuwa akisoma vitabu vya binti yake, na ukiingia ghafla anavifunika kwa kanga, kama mtoto aliyefumaniwa akilamba sukari. Kwa hiyo mtu akimwambia Hadubini darasa lile lifungwe, anamwambia jambo ambalo mama yake aliambiwa. Hilo mlishike vizuri, maana ndilo lililobeba haya yote.

Na aliambiwa. Mkuu wa shule yao ni mtu nadhifu, suruali yake imenyooshwa mpaka mkunjo wake ungeweza kukata mkate. Si mtu mbaya. Anapenda tu vitu vikae kwenye mistari. Akamwita ofisini.

"Mwalimu, kile chumba cha jioni nakihitaji kwa watahiniwa wa mchana. Darasa lako lihamie kwenye mfumo."

Mfumo ni mahali pa mtandaoni ambapo mwalimu anaweka masomo na majaribio, na mwanafunzi anaingia kwa jina lake na neno lake la siri, anasoma, anajibu, alama zinatoka. Shule ilikuwa imeununua mwaka ule, na walimu walikuwa wakiukwepa kama mbwa mkali. Wanajua yupo, wanapita upande wa pili wa barabara.

"Mwisho wa muhula nitatazama ripoti," Mkuu akaendelea. "Nikiona watu wanasoma, nitapeleka majina yao kwenye mtihani wa taifa. Nikiona patupu, tunalifunga. Mfumo haudanganyi, Mwalimu."

Hadubini alirudi nyumbani akaweka kompyuta juu ya meza ile ile ya panzi. Akajirekodi video akiwa amevaa blauzi yake nzuri, akazungumza juu ya moyo na damu mpaka sauti ikakauka. Akapakia kurasa na michoro. Alipoona kila kitu kimekaa, akanigeukia pale kwenye kochi, na nikajua kochi linaondoka.

"Mjomba, simu yako ina ufa, sivyo?"

"Ufa mmoja tu, lakini unaanzia juu mpaka chini."

"Na bando lako ni dogo?"

"Mwanangu, unanitukana au unaniuliza?"

"Nataka kukuandikisha darasani. Wanafunzi wangu wana simu kama yako. Nataka nione wanachokiona wao."

Ndivyo nilivyorudi sekondari nikiwa na mvi. Kwenye mfumo niliitwa Mwanafunzi wa Majaribio, na katika ukoo wetu hakuna mwingine mwenye cheo hicho.

"Haya, fungua somo la kwanza. Unaona nini?"

"Naona kiduara kinazunguka."

"Na sasa?"

"Kiduara. Kinazunguka vizuri sana, hongera."

Tukasubiri. Video ikafunguka, blauzi ikaonekana, Hadubini akasema "Karibuni" na simu ikaniambia bando limekwisha. Nilidhani atacheka. Alikaa chini. "Kwa hiyo Mama Pacha angemaliza bando lake lote hapo," akasema, "na moyo bado haujaanza kupiga." Akaitupa ile video, blauzi na yote. Akarekodi sauti tupu, fupi fupi, za kusikiliza mtu akiwa anaosha vyombo, na pembeni akaweka picha za ubao alizozipunguza mpaka zikawa nyepesi kama unyoya.

"Somo la pili?"

"Hakuna kitu."

"Mjomba, usinitanie, nimeweka kurasa nzima."

"Njoo uone mwenyewe. Ni patupu kama sahani ya jana."

Akachukua simu, akatazama, akatazama kompyuta yake, akatazama simu tena. Kwake masomo yalikuwapo, kwangu hayakuwapo. Tulihangaika mpaka alipogundua kwamba kando ya kila somo kuna kijicho kidogo kimechorwa, na kijicho kikiwa kimefumba, mwalimu anaona peke yake. Alikuwa amemaliza juma zima akifundisha macho yaliyofumba! Wanafunzi walikuwa wakisema mwalimu kawasahau, yeye akisema wanafunzi wamekuwa wavivu. Tangu siku hiyo hakutangaza somo lolote kabla mimi sijalifungua kwenye ufa wangu.

Halafu majina. Somo moja lilikuwa limeandikwa BIO K3 SURA 4 MPYA SAHIHI MWISHO 2. Nikamwuliza hii ni namba ya gari lililoibwa au nini. Hapo sasa ndipo nilipomfundisha mimi, na hilo hata yeye hakatai. Kibao, nilimwambia, kinasomwa na mtu anayepita na baiskeli, ana mzigo nyuma na mvua inanyesha. Mtu huyo hana muda na wewe. Mpe maneno machache na uyaweke mahali pale pale kila siku. Akafuta. Kila juma likawa na mistari ile ile: Sikiliza. Tazama. Jibu. Na chini kabisa, Uliza Hapa, ili maswali yakae mahali pamoja na kila mtu aone jibu, badala ya yeye kuulizwa jambo moja na watu wote kwa simu, hata akiwa bafuni.

Likabaki jaribio la mwisho wa muhula, lile ambalo Mkuu angelitazama. Hadubini alimfikiria Mama Pacha. Mtoto mmoja akilia, mwenziwe anaitikia. Mama huyo hajawahi kumaliza jambo kwa mkupuo mmoja tangu ajifungue. Kwa hiyo akaweka kwamba mtu anaweza kulirudia jaribio mara nyingi apendavyo, na mfumo ushike alama ya juu. Maswali mengi yalikuwa ya kuchagua jibu, mfumo unasahihisha wenyewe. La mwisho tu lilikuwa la kuandika: Eleza kwa maneno yako kazi ya vali za moyo. Hilo linamsubiri mwalimu. Mlango ule wa kurudia ulikuwa mzuri. Ndimo matatizo yalimoingilia.

Asubuhi jaribio lilipofungwa, kabla Hadubini hajapata nafasi ya kusahihisha lile la kuandika, Mkuu alikuwa ameshaifungua ripoti. Akamgeuzia skrini. Majina yote ya darasa la jioni yalikuwa na kistari mbele yake. Hakuna aliyeingia wala aliyejibu. Isipokuwa Msusi, ukiniacha mimi Mwanafunzi wa Majaribio, ambaye sihesabiwi. Msusi alikuwa amelifanya jaribio tena na tena na tena, kurasa na kurasa.

"Darasa lako lina mwanafunzi mmoja," Mkuu akasema. "Na huyo mmoja sijui ana nini. Anapata karibu yote, kisha anaanguka, kisha anapata nusu, kisha anapata yote. Mwalimu, kesho mchana napeleka majina. Siwezi kupeleka vistari."

Hadubini alifika nyumbani akakaa kwenye mkono wa kochi bila kuvua viatu, jambo ambalo mimi nikilifanya napigiwa kelele. "Wameniacha, Mjomba," akasema. "Wote. Hata Mama Pacha."

Nikamwambia mtu haachi kitu alichokitafuta kwa taabu namna ile. Nikamwambia twende kwa Msusi, kibao chake nimechora mimi, hawezi kutufukuza. Kweli nilisema hivyo. Tukaondoka.

Saluni ilikuwa na wateja. Msusi alikuwa amesimama nyuma ya kichwa cha mtu, chanuo mdomoni, vidole vinakimbia.

"Shikamoo, Mjomba. Mwalimu! Karibu, kaa hapo chini ya draya, halijawashwa."

"Msusi, umefanya jaribio langu mara ngapi?"

Akatoa chanuo mdomoni. "Mimi? Mara moja, Mwalimu. Na nilitetemeka mpaka mteja akauliza kama naumwa."

Hadubini akafungua mdomo aseme neno, na hapo hapo Fundi Friji akaingia na sanduku lake la vifaa. Hakutuona. Alikwenda moja kwa moja kwenye rafu ya mafuta ya nywele, akachukua simu iliyokuwa ikichajiwa kati ya makopo, akaketi chini ya draya la pili, akaanza kusikiliza somo la figo kana kwamba yuko kwake.

"Fundi," Hadubini akamwita taratibu, kama mtu asiyetaka kumshtua ndege. "Hiyo simu ya nani?"

Fundi akaruka. "Mwalimu! Ya Msusi. Hapa kuna intaneti ya wateja, ya bure. Sote tunasomea hapa tukitoka kazini."

"Sote nani?"

"Sote. Mama Pacha huja mchana watoto wakilala. Mlinzi hupita akienda zamu. Yale maneno ya siri yalitushinda, Mwalimu, yana herufi kubwa na alama za ajabu. Msusi ndiye aliyefanikiwa kuingia. Basi tukaingia wote."

"Na jina lililoandikwa hapo juu ni la nani?"

Fundi akatazama. "La Msusi."

"Sasa ukijibu, mfumo utajuaje kuwa ni wewe?"

Fundi alimtazama Hadubini kwa mshangao wa kweli. "Kwani Mwalimu, ubao wa darasani ulikuwa unajuaje? Mtu anainuka, anaandika jibu lake, anakaa. Wewe ndiye ulikuwa unajua nani kaandika."

Hadubini aliziba mdomo kwa mkono. Sikujua kama analia au anacheka. Nilipomchungulia, vyote viwili vilikuwa vinagombea uso mmoja. Akaichukua ile simu, akafungua upande wake wa mwalimu, akaanza kuyasoma yale majibu ya vali za moyo, moja baada ya jingine, kichwa ameinamisha kama siku ile ya panzi. Aliposoma la tatu alisema kwa sauti ya chini, "Huyu ni Mama Pacha." Aliposoma la nne alisema, "Fundi, hili lako." Fundi akasema, "Umeonaje?" Hadubini akamrudishia Msusi simu yake. Akamwambia, "Kesho asubuhi nawataka wote shuleni. Waombe ruhusa kazini, wadanganye wanaumwa, sijui. Waje."

Wakaja. Korido ya nje ya ofisi ya Mkuu ilijaa watu wazima waliokaa wima kama watoto waliochelewa. Mimi niliingia ndani na Hadubini. Mkuu akauliza mimi ni nani, nikamwambia ni mwanafunzi aliyesajiliwa, atazame kwenye mfumo wake usiodanganya.

Hadubini akaeleza yote. Mkuu alisikiliza, vidole amevikutanisha.

"Hadithi nzuri, Mwalimu. Lakini mfumo unasema ni mtu mmoja."

"Mfumo unasema ni simu moja, Mkuu."

"Nitajuaje kwamba hakujibu Msusi peke yake?"

"Geuza skrini upande wako. Mimi nitatazama ukuta. Soma jibu lolote la swali la mwisho, nitakutajia mwenyewe, kisha umwite umwulize."

Mkuu aliitazama saa yake. Halafu, nadhani kwa udadisi tu, akageuza skrini, akavaa miwani.

"'Vali ni kama ile ya kwenye kompresa. Damu ikipita hairudi. Ukisikia mashine inapiga kelele, ujue vali imechoka, usibadilishe mota kabla hujaiangalia.'"

"Fundi Friji."

Akaitwa, akaulizwa, akaeleza, na kwa kuwa alikuwa hapo akasema kiyoyozi cha ofisi kinavuja. Mkuu akasoma jingine.

"'Ni kama chuchu ya chupa ya mtoto, maziwa yanatoka lakini hayarudi ndani. Pia zinafanya kazi kwa pamoja, mbili zikifunguka mbili zinafungwa, nitaendelea, kuna mmoja kaan—'" Mkuu akatazama juu ya miwani. "Limeishia hapo."

"Kaanguka," akasema Hadubini. "Mama Pacha. Jaribio lake la pili au la tatu ndilo limekamilika, tafuta."

Mama Pacha akaingia, mtoto kila upande, na wakati anaeleza mmoja alivuta kamba ya simu ya mezani ikadondoka. Alieleza mpaka mwisho bila kusimama huku akiiokota. Mkuu akamsaidia kumshika yule wa kushoto.

Akasoma jingine. "'Vali za moyo wangu ni imara kuliko za watu wengi, daktari aliyenipima alishangaa, akaniuliza nakula nini.'"

Hadubini alifumba macho. "Hilo ni la mjomba wangu. Nakuomba ulifute."

Sitaki kulizungumzia hilo zaidi, ila daktari alishangaa kweli.

Likaja la Msusi, akalitambua. Yakaja ya wengine, akayatambua. Na nilianza kunyoosha miguu nikijua tumeshinda, ndipo Mkuu aliposoma:

"'Vali za moyo ni sehemu zinazoruhusu damu kupita kuelekea upande mmoja na kuizuia isirudi nyuma.'"

Hadubini akakwangua rangi ya ukuta kwa ukucha. Nikamgusa kiatu kwa kiatu changu, maana yake taja mtu yeyote, taja yule mrefu wa koridoni. Hakutaja.

"Hili silijui, Mkuu," akasema akiutazama ukuta. "Hayo ni maneno yangu mimi, nilivyowaandikia kwenye somo. Aliyeyaandika amejificha nyuma yangu. Siwezi kumwona."

"Ungeweza kutaja jina lolote."

"Ningeweza."

Mkuu akavua miwani. Hapo mlango, ambao nilikuwa nimeuacha wazi kidogo kwa makusudi ya hewa, ukasukumwa. Mlinzi alisimama na sare yake, kofia mkononi.

"Ni mimi, Mwalimu. Nisamehe. Kazini kwetu ukibadilisha neno kwenye maagizo unafukuzwa. Nikaogopa kulibadilisha."

Hadubini akageuka kutoka ukutani. "Hebu libadilishe sasa. Mbele ya Mkuu."

Mlinzi akaizungusha kofia mara kadhaa. "Ni lango la kuingilia, Mkuu. Gari likishapita, nafunga. Hata akiwa bosi mwenyewe, na kasahau mkoba wake nje, harudi kwa lango hilo. Atazunguka kwa lango la kutokea, kama wote. Akirudi kwa hili, magari yatagongana ndani." Akafikiri. "Na moyo nao utagongana."

Mkuu alicheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. Ilikuwa kama droo iliyokwama inavutwa. Kisha akasema jambo ambalo nililipenda. Alisema ripoti hizi amezitazama tangu mfumo uje, na hajawahi kufungua jibu hata moja kulisoma. Akamwambia Hadubini, "Ungekuwa unabuni, ungebuni na hili la mwisho." Akavaa miwani yake, akayaandika majina yao yote, ya karatasini na siyo ya lakabu, akayapeleka mchana ule ule. Darasa likabaki. Sharti lilikuwa moja: kila mtu aingie kwa jina lake.

Hadubini akahamishia kazi saluni. Alikaa na mmoja mmoja, akawaruhusu kubadili maneno ya siri wawe na yale wanayoweza kuyakumbuka na jirani asiyabahatishe. Akawaonyesha kile kitufe kidogo cha kutoka, kilichofichwa pembeni kama deni. Na mimi, kwa mkono wangu huu, nikachora kibao kikubwa chekundu, nikakitundika juu ya rafu ya mafuta ya nywele ili mtu asisahau kutoka kwenye akaunti yake: UKIMALIZA, TOKA.

Wateja wa Msusi walikasirika sana. Mmoja aliondoka na nusu ya kichwa. Nimeongeza neno "mwanafunzi" hapo juu, limebanana kidogo, lakini linasomeka.

Siku hizi walimu wenzake, wale waliokuwa wakivuka barabara, wanakuja pale nyumbani na simu zao. Wanamwuliza siri ni nini. Yeye haanzi na vitufe. Anawauliza, "Umeshalitazama somo lako kwa simu mbovu kuliko zote unazozijua? Umeshasoma jibu moja moja, au unatazama alama tu?" Na mimi nawaongezea kutoka kwenye kochi: kila mwalimu atafute mjomba wake, asibaki anawasumbua wa wenzake.

Mtihani wa taifa wamekwisha kuufanya, matokeo tunayangoja. Mama Pacha ameshaanza kuulizia chuo cha uuguzi, bila kungoja ruhusa ya mtu. Ila habari yenyewe ilienea, na hiyo ndiyo sehemu ambayo mtaikataa. Hadubini alipotangaza kwamba darasa la jioni linaandikisha wapya, na kwamba uandikishaji utafanyika saluni, asubuhi ile nilifika nikakuta foleni imetoka mlangoni kwa Msusi, imepita kituo cha mafuta, imeuzunguka uwanja wa mpira mara mbili, akina mama kwa wazee, wengine wamekuja na viti vyao, na mbele kabisa ya foleni, akiwa ameshika kitambulisho chake mkononi kama raia wa kawaida, alikuwa amesimama waziri wa—

"Mjomba."

Sikumsikia Hadubini akiingia. Anasoma juu ya bega langu, tena bila hata kukohoa kwanza.

"Waziri gani?"

"Waziri... alifanana na waziri."

"Walikuja watu kumi na mmoja, Mjomba. Nami niliwahesabu. Na mmoja alikuja kusuka."

"Ambaye naye ukamwandikisha!"

"Nikamwandikisha, ndiyo. Sasa andika ukweli."

Haya, wasomaji, andikeni kumi na mmoja. Lakini walivyokuwa wamesimama, kwa unyofu ule, vichwa juu, na yule wa kusuka akiwa na nusu ya nywele zimefumuliwa zinapepea kama bendera, hata jeshi zima lililopangwa na jenerali mwenyewe lisinge—

"Mjomba!"